Tundu Kwenye Ukuta wa Serikali

Fundi Chokaa alipotia mdomoni kipande cha ukuta wetu na kuanza kukitafuna mbele ya kamati nzima, baba yangu alifumba macho. Hakuyafumba kama mtu anayesali. Aliyafumba kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mng'oa meno, anayesikia koleo likichaguliwa nyuma yake. Watu kumi na mmoja walikuwa wamebanana ndani ya chumba cha kulala cha wazazi wangu, wengine wameegemea kabati la nguo, mmoja kakalia kasha la vyombo, na wote walikuwa kimya wakimsikiliza mtu mzima akitafuna chokaa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nimekumbatia michoro yangu kifuani. Nilijua kile kipande kilikotoka. Nilijua pia kwamba haikuwa chokaa.

Lakini siku ile haieleweki bila jumba lenyewe.

Lilikuwa jumba la ghorofa mbili, limekaa ukingoni mwa bahari karibu mno, hata maji yakijaa mawimbi yalirusha povu kwenye ngazi za mbele. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukisimama mlangoni na kunyoosha mkono, vidole havikufika upande wa pili. Waliolijenga walilitaka liwe forodha. Baada ya forodha likawa hospitali ya wagonjwa wa kutengwa, kisha mahakama, kisha ukumbi wa dansi, kisha bohari ya madaftari ya shule, kisha ofisi ya vipimo na mizani. Kila aliyekuja alipaka rangi yake juu ya rangi ya mwenzake, na kila aliyeondoka alisahau kitu. Hospitali iliacha harufu ya dawa iliyofufuka kila mvua iliponyesha. Mahakama iliacha kizimba. Watu wa dansi waliacha mpira wa vioo vidogo vidogo ukining'inia darini, na kwa miaka tisa maofisa wa vipimo walikagua mizani ya wauza nyama chini ya mpira huo, vimulimuli vikiwatembea kwenye vipara.

Na baba yangu. Baba ndiye kitu kilichosahauliwa na wote.

Aliingia mle akiwa kijana, mlinzi wa mlango katika mwaka wa mwisho wa mahakama. Mahakama ilipohama, hakuna aliyekumbuka kumhamisha. Waliofuata wakamkuta pale na shada lake la funguo, wakadhani ni mtu wa waliotangulia, wakamwandika kwenye orodha yao. Ikawa hivyo kila mara. Watu walimwita Mzee Funguo tangu hana hata unywele mmoja mweupe. Naye kila ofisi iliyopita ilimwachia tabia. Mama akimuuliza mmoja wetu, "Si wewe uliyemaliza sukari?" baba alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Usimwongoze shahidi." Enzi za bohari ya madaftari tulisaini ili kupewa kalamu ya risasi. Enzi za vipimo na mizani, mkate haukukatwa mezani mpaka vipande vithibitike kuwa sawa, na wadogo zangu wawili walikuwa na haki ya kukata rufaa.

Zaidi ya yote, aliiogopa serikali kama wengine wanavyoogopa radi. Kiti cha ofisi hakukisogeza bila barua. Siku moja paka wa jirani alizaa kwenye kabati la majalada, na baba aliandika kuuliza wale watoto wa paka wahesabiwe mali ya nani.

Huyo ndiye mtu aliyevunja ukuta.

Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vya chini, upande wa nyuma. Chumba cha kulala zamani kilikuwa mahali ambapo forodha ilifungia bidhaa ilizozikamata, kwa hiyo waliokijenga walihakikisha hakitoki wala hakiingii kitu, pamoja na hewa. Mama aliletwa humo akiwa bibi harusi. Mwaka wa kwanza alivumilia. Mwaka wa pili akapata mimba yangu, akawa anakaa kitandani jasho linamtiririka, anasikia bahari inapumua nyuma ya ukuta, yeye mwenyewe hawezi kupumua.

"Mume wangu," akamwambia, "mimi nimeolewa. Sijahukumiwa."

Baba akaandika barua kuomba dirisha. Likaja jibu kwamba ombi lake limepokelewa. Akaandika ya pili, likaja jibu kwamba linashughulikiwa. Akaandika ya tatu, na wakati huo mama alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake, moja baada ya moja, taratibu, kama mtu anayetaka aonekane anakunja. Jibu la tatu lilipokuja, baba alilisoma, akalikunja, akalitia kwenye sanduku la bati, akatoka kwenda kuazima nyundo.

Ghorofa ya juu siku hizo ilikuwa ukumbi wa dansi, na Jumapili mchana bendi ilipiga kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Baba alisubiri ngoma zianze. Ngoma ikipiga, naye anapiga. Ngoma ikinyamaza, anashusha nyundo na kusubiri, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye kope. Nyimbo za mahaba za polepole zilimchelewesha sana. Kazi ilichukua Jumapili nne. Jumapili ya tatu mpiga ngoma aliteremka ngazi, akagonga mlango.

"Nani huku chini ananifuata?"

"Ni mabomba ya maji," baba akajibu kupitia ufa wa mlango.

Mpiga ngoma akamtazama yule mtu mweupe kama unga. "Basi mabomba yenu," akasema, "yana mdundo kuliko mpiga besi wetu."

Katikati ya ukuta baba alikutana na jiwe lisilotaka mazungumzo, ikabidi alizunguke. Ndiyo maana dirisha lilitoka limepinda. Ndani lilikuwa pana, nje jembamba, limeelekea pembeni, kwenye mlango wa bandari. Kimo chake alikipima kwa kidevu cha mama akiwa ameketi kitandani. Kingo alizisawazisha kwa saruji aliyoomba kwenye ujenzi wa jirani, kisha akazipaka chokaa, na kila mwaka alizipaka tena. Mimi nikazaliwa wiki mbili baadaye, na kwa maneno ya mama, nilipiga chafya kabla ya kulia.

Miaka ishirini na mitano ikapita juu ya hayo.

Ofisi ya vipimo ilipohama, likaja tangazo kwamba jumba litakarabatiwa na kufanywa makumbusho. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, mchoraji ramani, cheti bado kinanuka wino, na kazi yangu ya kwanza maishani ikawa kuchora jumba nililozaliwa ndani yake. Niliyemfanyia kazi tulimwita Mtaalamu. Alikuwa mwembamba, ana shahada tatu na glavu nyeupe, na nawaambia ukweli, sijaona mwanamume mwenye mapenzi kama yale. Niliwahi kumkuta amepiga magoti mbele ya bawaba ya mlango, machozi yanamlengalenga. Alitaka jumba lirudishwe kwenye asili yake, yaani siku za forodha. Kila kilichoongezwa baadaye kilikuwa kinatoka. Kizimba kilishatoka. Mpira wa vioo ulishatoka, ukiwa umefungwa blanketi kama mgonjwa.

Pamoja naye alikuwepo Fundi Chokaa, mzee mfupi mwenye viganja vilivyopasuka, ambaye hakuamini vipimo vya maabara. Yeye alionja. Alibandua kipande, akakitia ulimini, akatazama juu kidogo, akasema, "Hii ya forodha," au, "Hii ya juzi, imechanganywa na maji ya chumvi, walikuwa wavivu." Mtaalamu alipeleka vipande maabara kwa siri, na kila mara majibu yalirudi vilevile alivyosema Fundi.

Siku tuliyofika kwenye vyumba vyetu mama alikuwa ameenda sokoni. Mtaalamu aliingia kwa adabu, akavua viatu, akavuta pazia la maua la mama, akasimama kama aliyepigwa na butwaa.

"Hebu tazama," akanong'ona. "Tazama pembe hii! Haikuja kwa bahati." Akachuchumaa, akakaa kitandani, akainuka, akakaa tena. "Kimo cha mtu aliyeketi. Limeelekea mlango wa bandari moja kwa moja. Binti, unajua hiki ni nini? Hapa alikaa nahodha wa bandari na darubini, anahesabu meli zinazoingia bila yeye kuonekana. Hili ni tundu la ulinzi! Andika. Miaka mia na hamsini, huenda zaidi."

Kalamu yangu ikasimama. Nyuma ya Mtaalamu, mlangoni, alikuwa baba. Alikuwa ananitikisia kichwa, anakodoa macho, amebana midomo kama mtu aliyeketi juu ya siafu. Ilibaki miezi mitatu astaafu. Miaka thelathini bila barua hata moja ya onyo, na sasa kosa la kuharibu mali ya umma lilikuwa limepimwa kwa futi mbele ya macho yake.

"Umeandika?" Mtaalamu akauliza.

Nikaandika.

Mchana ule mama alipoambiwa, alicheka hadi akashika ukuta. Nahodha! Alimwita baba nahodha siku nzima, akamuuliza kama meli zote zimeingia salama. Kesho yake hakucheka. Siku ya tatu alikuwa anamenya viazi kama ana kisa navyo.

"Mama, una nini?"

"Sina kitu." Akamenya kiazi kizima kabla ya kuongeza. "Baba yako unamjua. Hajaniletea ua hata siku moja. Neno tamu sijalisikia mdomoni mwake, labda huliambia jalada. Nilipojifungua wewe alikuja kunipongeza, akanipa mkono. Mkono, mwanangu, kama mkuu wa idara." Akatupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Kitu kimoja tu alichonifanyia maishani ambacho mwanamume humfanyia mwanamke, ni lile tundu. Na hilo nalo amepewa nahodha."

Asubuhi ya siku ya kamati, baba alituweka sebuleni kama mashahidi. Aliongea kwa sauti ya chini, kofia mkononi. Miezi mitatu tu, akasema. Watu watakuja, watatazama, watapitisha michoro, wataondoka. Hatuombwi kusema uongo, tunaombwa kunyamaza.

"Mimi nimesema neno?" mama akauliza.

"Hujasema, mama watoto. Ndiyo nakuomba uendelee hivyohivyo."

"Mimi kazi yangu chai."

"Chai, basi. Ahsante."

Sikuipenda ile sauti ya mama. Ilikuwa laini mno.

Kwa hiyo sasa mnajua kwa nini baba alifumba macho. Fundi Chokaa aliombwa na Mwenyekiti mwenyewe, mwanamama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aonyeshe kipaji chake, maana alishakisikia. Fundi akabandua ukingo wa dirisha kwa kucha. Akatia mdomoni. Akatafuna mara moja, akaacha. Macho yake yakatoka dirishani, yakapita juu ya vichwa vya wanakamati, yakamfikia baba, aliyekuwa amejibana kwenye kona na funguo zake, macho yamefungwa. Fundi akamtazama muda mrefu. Kisha akameza.

"Vipi, ya zamani?" Mwenyekiti akauliza.

"Ina miaka yake," akasema Fundi.

Baba akafumbua jicho moja. Mimi nikapumua. Mtaalamu akachanua kama aliyesifiwa yeye, akachukua mchoro wangu, akauinua juu, akaanza hotuba. Alieleza habari za pembe. Alieleza habari za kimo. Alisema ameandika kurasa kumi na nne kuhusu dirisha lile na bado hajalimaliza. Wakati huo mama alikuwa ameshafika mlangoni na sinia la chai, vikombe kumi na viwili, amesimama anasubiri nafasi ya kupita.

"Hapa, mabibi na mabwana," Mtaalamu akasema, mkono wake wenye glavu ukielekea chini, "hapa hasa, ndipo alipokaa nahodha siku baada ya siku. Hapa."

"Alikaa wapi?" mama akauliza.

Watu wakageuka. Mtaalamu akatabasamu kwa upole. "Hapa, mama. Hapo kilipo kitanda."

"Kitandani kwangu?"

"Kwa maana ya mahali—"

"Nahodha gani huyo," mama akasema, na vikombe vikaanza kugongana taratibu kwenye sinia, "aliyekaa kitandani kwangu siku baada ya siku, mume wangu yuko hapo hapo kwenye kona na funguo zake?"

Mtu aliyekalia kasha la vyombo alikohoa. Mwenyekiti alivaa miwani. Baba alikuwa amefumba macho yote mawili tena.

"Mama watoto," akasema gizani mwake. "Chai."

"Chai itapoa, niache niseme." Akalisukuma sinia mikononi mwa mwanakamati wa karibu, bwana wa tai nyekundu, ambaye alilipokea bila kujua. "Hilo dirisha halikutobolewa na nahodha. Nahodha angenijua wapi? Limetobolewa na huyu. Huyu asiyesogeza kiti! Jumapili nne, kwa nyundo ya kuazima, bendi ikipiga juu ili msisikie. Alinitobolea mimi. Nilikuwa na mimba, sina hewa. Mkitaka kuliziba lizibeni, mna serikali yenu. Lakini msiandike kwenye karatasi kwamba ni la nahodha, maana mimi sina kingine."

Bahari ikasikika, ikiingia kwenye lile tundu na kutoka.

"Mzee," Mwenyekiti akasema, "ni kweli?"

Baba akafumbua macho. Akasimama wima, kofia kwapani, kama walivyosimama watu kwenye kile kizimba alichokilinda ujanani. "Ni kweli, mheshimiwa."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akapiga magoti, akajipenyeza chini ya kitanda, miguu yake ikabaki nje mbele ya kamati, soksi moja imetoboka kisigino, akatoka na sanduku la bati. Barua tatu. Majibu matatu. Zote zina muhuri, zote zimekunjwa sawasawa. Mwenyekiti akazisoma moja moja, na ya mwisho akaisoma kwa sauti: "Mwombaji anashauriwa kuvuta subira hadi bajeti ijayo." Akashusha karatasi. "Mbona hukuvuta subira?"

"Mimi nilivuta, mheshimiwa. Mtoto ndiye aliyekataa."

"Mtoto yupi?"

Baba akaninyooshea kidole.

Kumi na mmoja wale wakanitazama mimi, kisha wakatazama mchoro mkononi mwa Mtaalamu, kisha mimi tena. Mwenyekiti hakuwa mtu wa kupitwa. "Na mchoro huu amechora nani?"

"Mimi."

"Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema nilikuwa bado tumboni, na watu wangecheka, na ingepita. Neno hilo lilinifika hadi kwenye ulimi. Lakini mama alikuwa amesimama pale bila sinia, mikono yake haijui pa kwenda, na mimi ndiye niliyemwandikia nahodha miaka mia na hamsini kwa mwandiko wangu mzuri.

"Nilijua," nikasema. "Nilimwogopea baba. Nikamdhulumu mama."

"Na mimi nilijua," akasema Fundi Chokaa, bila kuulizwa. "Saruji. Ulimi umeniwasha mpaka sasa."

"Si umesema ni ya zamani!"

"Nimesema ina miaka yake. Binti mwenyewe huyo hapo, mtazame. Ni mtoto mchanga huyo?"

Kicheko kikapasuka kwenye kona ya kabati na kuzimwa haraka, kwa sababu Mtaalamu alikuwa ameketi. Aliketi kitandani kwa mama, kwenye kiti cha nahodha wake, anavua glavu kidole kwa kidole. Uso umemshuka. "Kurasa kumi na nne," akasema, hamwambii mtu. Mama, aliyekuwa tayari kumla mzima dakika mbili zilizopita, akamhurumia palepale. Akachukua kikombe kwenye sinia la bwana wa tai nyekundu, akampa. "Kunywa, mwanangu. Huyo nahodha angekuwepo, angelipenda dirisha hili."

Bwana wa tai nyekundu akatoa hoja. Alisema sheria ya ukarabati ni kurudisha asili, tundu si asili, lizibwe, na mzee achukuliwe hatua. Aliisema akiwa ameshika sinia, jambo lililompunguzia uzito.

"Asili ipi?" Fundi akauliza. "Hiyo forodha yenyewe ilijengwa kwa mawe ya ngome ya watu wengine, nimeyaonja. Tukianza kutoa kila kilichoongezwa, mheshimiwa, tutabaki na mwamba na kaa."

Maneno yakaanza kupishana. Ndipo Mtaalamu akaweka kikombe chini, akainuka, akaingiza mkono wake mtupu ndani ya dirisha, akapapasa. Akafika kwenye kona. Akasimama.

"Kwa nini limepinda?" akauliza, na nilijua hamuulizi Mwenyekiti.

"Nilikutana na jiwe," baba akasema.

"Jiwe gani?"

"La bluu hivi. Halikubali."

"La bluu? Kubwa kiasi gani?"

Baba akaonyesha kwa mikono. Akasahau kuogopa, akasogea. "Nikaona nikililazimisha, boriti ya juu itateremka. Nikalizunguka."

"Uliijuaje boriti?"

"Nimeishi nayo, bwana. Mvua ikinyesha inalia."

Wakaendelea hivyo, vichwa vyao viwili ndani ya tundu moja, wanaulizana habari za jiwe na boriti, na kamati nzima ikibaki inatazama makalio mawili, moja la shahada tatu, moja la kaki ya serikali. Mtaalamu alipotoa kichwa alikuwa na vumbi kwenye nyusi. Akasema dirisha lisizibwe. Akasema jiwe lile ni la msingi wa zamani aliokuwa akiutafuta kwa miezi minane, na kama si mzee kulizunguka, ghorofa ya juu ingeshaporomoka na watu wa dansi juu yake. Kura zikapigwa palepale, mikono ikiinuliwa kati ya kabati na kitanda. Sita kwa tano. Bwana wa tai nyekundu hakuweza kuinua mkono, lakini alisema kura yake ihesabiwe.

Baba hakusalimika kabisa. Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, ikimkaripia kwa kubadili jengo la umma bila kibali. Aliisoma akiwa amesimama. Siku tatu hakula vizuri. Mama akaitia kwenye fremu, akaitundika kando ya picha ya harusi, na mgeni yeyote aliyeingia alilazimika kuisoma kabla ya kuombwa aketi. Kiinua mgongo chake kilitoka chote. Mimi nilisubiri kufukuzwa, nikaambiwa nichore upya. Mtaalamu alikuja mara nne kumhoji mama, na daftari, bila glavu. Alitaka kujua hata nyundo ilikuwa ya uzito gani.

Tulihama mwanzoni mwa mwezi uliofuata kustaafu kwake. Wadogo zangu walikuja kubeba kabati, lori likasimama mbele ya ngazi. Baba alimkabidhi mlinzi mpya funguo, akamwonyesha kila moja na mlango wake, akamsainisha, akarudi kutazama kama tumesahau kitu. Chumba kilikuwa kitupu, kimebaki kitanda tu, ambacho makumbusho waliomba kibaki. Mama alikuwa ameketi juu yake, mkoba magotini, uso dirishani.

"Twende, dereva anasubiri," baba akasema.

"Njoo ukae kwanza."

Akasitasita. Kitanda kilikuwa kimeshaandikwa mali ya makumbusho. Kisha akakaa, upande wa mama, pale penye alama ya mwili wake ya miaka yote ile, mama akajisogeza kumpisha. Niliona anainamisha kichwa, anautafuta ule upenyo uliopinda. Nikatambua kwamba tangu nizaliwe sijamwona akiketi pale. Yeye siku zote alikuwa mlangoni.

Akatazama. Akatazama muda mrefu.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe mtu anaona mpaka kule kwenye mkondo."

"Mpaka kule," mama akasema. "Asubuhi ndiyo uone. Maji yanakuwa meupe."

Nje dereva akapiga honi, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila. Nikatoka kumwambia azime injini.